Sambaza za Yaya Patricie

Gihundwe, tarehe 12 Novemba 2000

Yaya Kamali,

Kaka yangu, nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini na mtoto yuko mgongoni, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usiseme nimesahau kuandika. Ni Izabayo anayepumua. Huyu humjui, ana miezi saba. Mkubwa wake, Tumukunde, ulimwacha tumboni ulipoenda.

Barua yako ya Agosti ilifika kwenye sanduku la paroisse, pale kanisani, pamoja na ile picha umevaa koti jeupe. Mume wangu Valens aliichukua akaizungusha Kamembe nzima juu ya moto yake, ile pikipiki ya kubebea abiria, anawaonyesha hata wateja asiowajua: huyu ni shemeji yangu, dokteri wa Ulaya. Nilimkemea, lakini kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa ninacheka na Maman, pale alipo.

Sisi tupo. Izabayo alikonda sana mwezi wa tisa, nikampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akaniambia nikaange sambaza kavu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, nizisage, nichanganye unga wake kwenye uji. Alisema zina kalsiamu, zinajenga mifupa. Nafanya hivyo, na mtoto ameanza kuwa mzito. Mgongo wangu ndio shahidi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute kalamu. Jumanne yaya Patricie, dada yetu, alivuka daraja la mpakani kutoka Congo akaja. Huko Bukavu maaskari wanaufungua mpaka wa nchi asubuhi na kuufunga wanapotaka, lakini alipita. Alikuja mikono mitupu, na wewe unamjua mkubwa wetu, hajawahi kuingia kwa mtu mikono mitupu. Alimchukua mtoto, akamnusa kichwani muda mrefu. Halafu akasema.

Ni mwaka wa saba sasa tangu aolewe na Muderhwa, na hakuna mtoto. Muderhwa mwenyewe ni mtu mpole, unakumbuka, anachonga vitanda vyake pale Kadutu na hajawahi kumwinulia mkono. Ni mama yake. Amewaita watu wa ukoo, amewaambia mbele ya Patricie: "Mwanamuke ni shamba. Miaka saba tunapanda, hatuone hata jani. Tutalima fasi ingine." Msichana ameshatajwa. Watakaa kikao baada ya mavuno ya maharagwe, mwezi wa saba. Mpaka hapo wamempa nafasi ya mwisho.

Mizizi amekunywa yote. Ameombewa. Hospitali ya kule walimbonyeza tumbo wakasema kila kitu kipo mahali pake. Anasema sokoni kila mwanamke anaitwa Mama fulani, yeye peke yake wanamwita Patricie, kama msichana wa shule. Nikamuuliza kama wanamtesa. Akasema: "Bananipenda, Joselyne. Njo ile inaniua."

Maman alipokufa ile Oktoba ya 96 wewe ulikuwa umeshafika Nairobi. Aliniambia mimi, mdogo: wewe ndiye mwenye kichwa kigumu, mshike Patricie. Basi namshika. Wewe uko huko wanakojua mambo. Tuambie, mtoto anaanzaje? Sisemi yale ya watu wazima, hayo nayajua, nina wawili. Nauliza kule ndani kabisa. Ni kitu gani kinakosekana kwake?

Ni mimi mdogo wako,
Joselyne, Mama Tumukunde


Liège, tarehe 6 Januari 2001

Mdogo wangu Joselyne,

Nilisoma barua yako mara tatu. Swali lako ndilo wanalolishughulikia watu wa nyumba hii ninamofanya kazi, kila siku, na hawajalimaliza.

Hapa tuna panya weupe, mamia. Kutoka kwao wanachukua mayai. Usifikirie yai la kuku: yai la panya, sawa na la mwanamke, ni dogo kuliko chembe ya mchanga, na hulioni bila mikroskopi, ile mashine ya kukuzia vitu. Yai hilo likishakomaa linasimama. Haliendi mbele wala halirudi nyuma. Limelala, lakini usingizi wake una mwisho: lisipoamshwa kwa siku moja hivi, linakufa.

Nimeliona likiamshwa. Wanalitia dawa inayowaka pale kalsiamu inapotoka. Mbegu ya dume inafika, inagusa, inaingia. Unangoja, hakuna kitu. Halafu mwanga unaanza pale pale mbegu ilipoingilia, unavuka yai zima mpaka upande wa pili. Unakumbuka mchana tulipokaa juu ya kilima tukitazama Kivu, upepo ukitoka Nkombo, na maji yakigeuka rangi kuanzia kisiwani mpaka kwetu? Ndivyo hivyo hivyo. Halafu yai linazima. Baada ya dakika kumi hivi mwanga unarudi tena, unavuka tena, unazima tena, kwa masaa matatu, manne. Wimbi moja halitoshi. Ni kama mtu anayeitwa kwa jina mpaka aitike. Ngozi ya yai inakuwa ngumu, mbegu nyingine zote zinabaki nje, na lile lililokuwa limesimama linaanza safari yake.

Kwa hiyo ni kalsiamu inayoliamsha yai. Bila hiyo hakuna mtoto, hata kama kila kitu kipo mahali pake.

Mwambie yaya Patricie asikate tamaa. Watu wengi wenye akili wanafanya kazi juu ya jambo hili. Mbusu Izabayo mzito, na salamu kwa Valens na moto yake.

Kaka yako,
Kamali


Gihundwe, tarehe 20 Februari 2001

Yaya Kamali,

Barua yako niliipata nikiwa nachambua maharagwe. Nilipofika kwenye neno kalsiamu nikaacha sinia chini na kusimama. Kumbe! Kitu tunacholilia miaka saba nakisaga kila asubuhi kwa ajili ya uji wa mtoto.

Sikungoja. Kuna mwanamke wa Nkombo, Mukandayisenga, anayevuka kila Alhamisi na beseni la sambaza. Nimemwomba aniwekee kavu zenye vichwa, kwa sababu muuguzi alisema vichwa na mifupa ndiyo yenye kazi. Nampelekea Patricie mpaka darajani, yeye anakuja upande wake, tunapeana mbele ya maaskari. Mmoja alicheka akauliza kama Congo samaki wameisha. Nikamwambia ni dawa. Akafungua, akanusa, akatuachia.

Nikuambie jinsi alivyoipokea. Alikaa juu ya jiwe pale pale, akanifanya nimsomee yale ya mwanga unaovuka, mara mbili. Akasema, "Kwa hiyo yai langu hili halijafa. Limelala tu." Yaya, sijamwona akikaa vile tangu tuwe wasichana, mabega yameshuka, mikono wazi juu ya magoti.

Amemweleza Muderhwa, na Muderhwa amemweleza mama yake, kwamba ndugu yetu dokteri wa Ulaya ameliona yai kwa macho na amejua dawa. Mama mkwe amekubali kungoja mpaka mwezi wa saba bila kuzungumzia yule msichana tena. Amesema dokteri wa kizungu atoe alichonacho, tutaona.

Sasa utuambie kipimo. Anakula kiganja asubuhi na kiganja jioni. Inatosha? Aongeze maganda ya mayai yaliyosagwa? Nimesikia na yenyewe yana kalsiamu. Jibu upesi, tafadhali, miezi inakimbia.

Mdogo wako anayekuombea,
Joselyne


Gihundwe, tarehe 9 Mei 2001

Yaya Kamali,

Sijapata jibu. Pengine barua zimekwama. Wiki tatu mpaka ulifungwa, ng'ambo kulikuwa na risasi, na hata padri hakupata mfuko wa posta. Hii naituma kwa mtu anayepanda ndege Kigali.

Patricie anaendelea. Tulipokosa jibu aliongeza maganda ya mayai mwenyewe, anayatwanga kwenye kinu, na juu yake anatafuna ule udongo mweupe wanaokula wenye mimba. Tumbo limefunga siku nne. Ubavu unamuuma. Nikamwambia apumzike kidogo. Akaniambia: "Dokteri hakusema kupumzika."

Kuna jambo lingine, na hili usimwambie yeyote. Nina mimba. Sikuitafuta, Izabayo bado ananyonya, usiku silali, mchana natembea kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilipojua nililia, halafu nikaona aibu ya kulia. Alhamisi nampelekea Patricie samaki wake nimejifunga vitenge viwili ili asione. Nampa kikapu haraka, narudi haraka. Harufu ya sambaza sasa inanipindua tumbo, nazisaga nimefunga pua kwa kitambaa.

Tuandikie. Hata mstari mmoja.

Joselyne


Liège, tarehe 30 Mei 2001

Joselyne,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, juzi. Mwambie aache. Maganda, udongo, aache leo leo, na kama ubavu bado unamuuma aende hospitali. Samaki hawana ubaya ale kama chakula, lakini si dawa. Hawajawahi kuwa dawa.

Na mimi si dokteri. Sijawahi kuwa.

Naosha vizimba vya panya. Natoa maranda yaliyochafuka, naweka mapya, najaza chupa za maji, nahesabu waliokufa. Lile koti jeupe tunavaa wote, hata anayefagia ngazi. Nilipokutumia picha sikuandika kwamba mimi ni dokteri, na sikuandika kwamba si dokteri. Niliwaachia. Nilijua mtakavyoisoma. Ile miaka miwili ya chuo cha Bukavu iliyokatwa na vita niliona kama inanipa haki.

Yale niliyokueleza ya mwanga ni kweli, lakini nimeyaona mara moja tu. Mchana mmoja nilikuwa napitisha vizimba, na mwalimu mwenye chumba kile, mama mmoja wa nywele nyeupe, akaniita: njoo uone wanyama wako wanafanya nini. Niliinama nikatazama dakika ishirini. Nikakuandikia kama mtu anayetazama kila siku.

Jana nilimwendea, nikamweleza kila kitu, mpaka samaki. Hakucheka. Alikaa na mimi saa nzima, na sasa nakuandikia maneno yake, sio yangu.

Kalsiamu inayoliamsha yai haitoki kwenye sahani. Yai lina ghala lake ndani, na hulijaza lenyewe linapokomaa, kama Maman alivyokuwa anaficha maharagwe ya mbegu kwenye mtungi hata mwaka wa njaa. Mtu akila chakula cha kawaida, ghala limejaa. La Patricie kwa kila dalili limejaa. Mbegu ya mwanaume nayo haileti kalsiamu. Inaleta kitu kingine, kidogo mno, hata jina hawajakipa, ambacho kazi yake ni kufungua lile ghala. Mwalimu alisema kuna wanaume ambao mbegu zao ni nyingi, zinaogelea vizuri, zinaingia kabisa ndani ya yai, lakini hazina kitu hicho. Mimi nilimtafsiria kwa Kiswahili chetu: mgeni ameingia nyumbani bila kupiga hodi. Mwenye nyumba hajui kuna mtu, haamki. Ghala limejaa na hakuna anayelifungua.

Hospitali za huko zinahesabu mbegu na kutazama kama zinatembea. Hodi haionekani. Hata hapa ni wachache wanaoweza kuiona.

Sisemi ni Muderhwa. Sijui. Nasema tu kwamba inawezekana, na kwamba hakuna mtu, awe mama mkwe awe nani, mwenye haki ya kusema ni Patricie.

Sijui nikuombe nini. Juu ya mimba yako, jitunze. Hukufanya kosa.

Kamali


Gihundwe, tarehe 18 Agosti 2001

Kamali,

Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na uongo tumeushiba. Nitakuandikia yaliyotokea, kwa mpango wake.

Kikao kilikuwa tarehe 14 Julai. Nilivuka na Izabayo mgongoni kwa sababu yaya hakuwa na mtu mwingine wa upande wake. Muderhwa, usimlaumu haraka, mwezi wa sita alikwenda hospitali mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akapimwa. Mbegu nyingi, zinatembea. Mama yake aliweka karatasi ile juu ya meza, akaweka na bakuli tupu la sambaza pembeni. Akasema polepole, hakupaza sauti: "Dokteri yenu alisema samaki. Samaki mutoto wenu alikula. Kama dawa yake haikumusaidia, na bwana yake ni muzima, njo munambie ninyi benye muko na masomo: ugonjwa iko kwa nani?"

Nilikuwa na barua yako ya Januari tu, na barua yako ya Januari ilikuwa shahidi wake yeye. Unaelewa? Walimhukumu kwa maneno yako.

Patricie alikusanya nguo zake. Muderhwa alikuwa anatazama mikono yake. Alimbebea sanduku mpaka darajani, akalishusha, akarudi.

Barua yako ya kweli ilifika siku kumi na tano baadaye. Nilimsomea yaya akiwa amelala kwenye mkeka wa Tumukunde. Pale penye hodi alinirudisha nisome tena. Halafu akageukia ukuta.

Mimi kichwa changu kigumu hakikukubali. Niliichukua barua, nikavuka, nikamkuta Muderhwa kwenye kazi yake. Aliisoma yote amesimama. Akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima. "Shemeji, jana alikuwa dokteri. Leo ni muosha panya. Kesho nitamusoma kama nani?"

Niliichukua nikarudi, Kamali. Ulitumia imani yetu yote kwenye jambo dogo, na lilipokuja kubwa mfuko ulikuwa mtupu. Mwisho wa mwezi walimwoa yule msichana. Anaitwa Nsimire, ana miaka kumi na tisa.

Na lile la tumbo langu nililokuomba usilitaje: siku ya pili baada ya kuja kwake, Patricie alinikuta nasaga sambaza za mtoto, nimefunga pua. Akanitoa kitambaa usoni, akachukua kinu. "Nilijua tangu Aprili. Ulikuwa unanipa kikapu umegeuza shingo." Akasaga mpaka mwisho.

Joselyne


Liège, tarehe 24 Novemba 2002

Joselyne,

Mwaka mzima na zaidi hujaniandikia, na ni haki yako. Padri aliniambia ulijifungua msichana mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, na kwamba yaya Patricie ndiye aliyempokea kwa mikono yake na kumpa jina, Mukundwa. Nimefurahi, na sikujua kama naruhusiwa kukwambia.

Bado naosha vizimba. Mwaka huu kile kitu kinachofungua ghala kimepatikana, na watu waliokipata wamekipa jina. Mwalimu aliniita nisome. Nilimwomba aandike ukurasa mmoja kwa Kifaransa chepesi, na michoro, aweke sahihi yake. Naambatanisha. Hautaji mtu. Unaeleza tu kwamba mbegu inaweza kuwa nzima kwa hesabu na bado isiamshe yai, na kwamba mwanamke hawezi kulaumiwa bila kujua hilo.

Ufanye nao unachoona. Hata ukiwashia jiko.

Kamali


Gihundwe, tarehe 27 Julai 2003

Yaya Kamali,

Sikuwashia jiko. Niliuweka ndani ya Biblia, pamoja na ile barua yako ya vizimba, na sikumwambia Patricie. Niliona amepona kwa nje: anasaga unga wa sambaza na kuwauzia kina mama pale kituo cha afya, watoto wangu wanamwita Mama Mukubwa, anacheka na Mukundwa. Nikasema kidonda kimefunga, sikifungui. Nilikosea, na si wewe peke yako mwenye kuficha katika familia hii.

Alhamisi mbili zilizopita Mukandayisenga alipita na beseni lake, akatueleza kama kichekesho: kuna bibi wa Kadutu anamtuma mtu kila wiki amchukulie sambaza zenye vichwa, za mke wa mtoto wake. Msichana ana miaka miwili ndani hajashika mimba. Bibi anasema ni dawa ya dokteri wa Ulaya, mke wa kwanza hakuifuata vizuri, huyu wa pili ataifuata.

Patricie alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama ile barua ya kuosha panya bado ninayo. Nikaenda kwenye Biblia, nikamletea zote mbili. Ule ukurasa wa Kifaransa aliusoma kidole chini ya kila neno. Hakuniuliza kwa nini niliuficha. Jumamosi asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani. Nikamwambia naenda naye. "Baki na batoto. Ile siku ulisema kwa ajili yangu. Leo nasema kwa ajili ya mwingine."

Anayonisimulia ni haya. Alimkuta Nsimire amekaa mlangoni na sahani mapajani, anatafuna samaki jinsi mtu anavyomeza kidonge, macho kwenye ukuta. Mama mkwe yupo, Muderhwa yupo, ni mchana wa saa sita. Patricie aliwasalimia wote, akavuta kigoda bila kukaribishwa, akasoma ule ukurasa kwa Kifaransa, halafu akaueleza kwa Kiswahili: ghala, hodi, mwenye nyumba asiyeamka. Alisema zile dakika alikuwa anamtazama Nsimire tu.

Mama mkwe akamwacha amalize. "Karatasi ya muosha panya."

Patricie akasema: "Ndiyo, Mama. Muosha panya. Na kuosha panya, ni ye mwenyewe alisema, hakuna muntu mwenye alimukamata. Alikuwa dokteri kwa bantu bote, akajivua ile koti ye mwenyewe sababu yangu. Miye ule mwenye anajishitaki njo namuamini." Akatoa na barua yako, akaiweka juu ya meza ile ile.

Bibi alianza kumwambia Nsimire amalize kula, samaki wanapoa. Hapo Muderhwa akainuka. Patricie anasema alifikiri anakuja kumtoa nje. Alimchukulia Nsimire ile sahani mapajani, akakaa chini, sakafuni, mbele ya mama yake, akaanza kula zile sambaza. Moja moja, na vichwa vyake. Walimtazama wote mpaka sahani ikawa tupu. Akapangusa mikono, akasema: "Muache mutoto wa benyewe, Maman." Basi.

Alimsindikiza yaya mpaka darajani. Walichoongea hakuniambia, sikuuliza. Yaya alipofika nyumbani alimfunga Mukundwa mgongoni na kuanza kupepeta maharagwe. Nsimire bado yuko kule, na samaki hali tena. Hilo tumelijua kwa Mukandayisenga, ambaye analalamika tumemkosesha mteja.

Kaka yangu, sasa naweza kuandika lile neno. Nimekusamehe. Usiniulize ni lini, sikuona lilipoanza.

Yaya anataka kuweka mistari yake hapa chini. Nampa kalamu.

Mdogo wako,
Joselyne

    Kamali. Nilikula samaki miezi mitano juu yako na sikukuchukia, nilichoka tu. Ile mchana ulitazama kwa mashine, ulitazama dakika ishirini. Nambie kitu kimoja, na usiniongope. Lile yai lenye kungoja, lenye hakuna mwenye analiamsha, linasikiaka maumivu?
    Patricie


Liège, tarehe 2 Septemba 2003

Yaya Patricie,

Nilimuuliza mwalimu. Alivua miwani, akatazama dirishani, akasema katika miaka thelathini hakuna aliyemuuliza hilo, na kwamba hajui.

Mimi pia sijui.

Kamali, muosha vizimba